Njia tano za bakapu na usiku mmoja wa GitLab

Anayeandaa mpango wa bakapu, yaani nakala za akiba za data, wa taasisi mara nyingi huanza na vifaa: tununue diski za ukubwa gani, programu ya kampuni ipi, tukodi nafasi kwenye wingu lipi. Kisa cha kampuni ya GitLab kimenifanya niamini kwamba huko si kwa kuanzia. Hawa walikuwa na vifaa. Walikuwa na wahandisi wanaoijua PostgreSQL, programu ya hifadhidata, nje ndani. Kwenye karatasi walikuwa na njia tano za kuiokoa data yao. Usiku walipozihitaji, waliandika wenyewe, kwenye hati waliyoiacha wazi kwa dunia nzima kuisoma, kwamba kati ya njia hizo tano za bakapu na urudufishaji (kunakili data muda wote kwenda seva ya pili) hakuna iliyokuwa ikifanya kazi kwa uhakika, na nyingine hazikuwa zimewekwa tangu mwanzo.

Kwanza mfumo wenyewe. GitLab.com ni huduma ya mtandaoni ambako waandishi wa programu huhifadhi msimbo wao, huripoti hitilafu na hujadiliana. Mwanzoni mwa mwaka 2017 ilikuwa ikiendeshwa kwenye wingu la Microsoft Azure. Msimbo ulikaa kwenye seva za mafaili, lakini vyote vinavyouzunguka, yaani akaunti za watumiaji, orodha ya miradi, maoni na hitilafu zilizoripotiwa, vilikuwa ndani ya hifadhidata moja ya PostgreSQL yenye takriban GB 300. Seva kuu iliitwa db1. Ya pili, db2, ilipokea kila badiliko kutoka kwa ya kwanza ili ishike nafasi yake ikianguka. Majina yanatofautiana kwa tarakimu moja tu.

Jioni ya Januari 31, 2017, saa kumi na moja na dakika ishirini kwa saa za UTC, mhandisi mmoja alichukua picha ya diski ya hifadhidata hiyo, yaani nakala ya hali yake ya wakati huo, kwa kutumia LVM, programu ya Linux ya kusimamia diski. Picha ya aina hiyo ilikuwa ikichukuliwa mara moja kila baada ya saa 24. Hii ya jioni aliichukua kwa mkono, kwa kazi nyingine kabisa: alikuwa anajaribu namna ya kugawanya mzigo wa hifadhidata, akataka data mpya kwenye mazingira ya majaribio. Bila kujua, alikuwa ameshika kitu pekee kitakachoiokoa kampuni saa sita baadaye.

Saa moja usiku mzigo ulianza kupanda. Watumaji taka walishukiwa, na baadaye ikaonekana kwamba kulikuwa pia na kazi ya ndani ya mfumo iliyokuwa ikihangaika kufuta akaunti ya mfanyakazi wa GitLab mwenyewe, baada ya mtu mwenye nia mbaya kuiripoti kuwa inakiuka masharti. Ilipofika saa tano usiku db2 ikawa imeachwa nyuma. PostgreSQL huandika kila badiliko kwanza kwenye kumbukumbu ya mabadiliko, na seva ya pili husoma humo. Kumbukumbu za zamani hufutwa ili diski isijae, na usiku ule zilifutwa kabla db2 haijazisoma. Kama zingekuwa zinahifadhiwa pia mahali pengine, db2 ingezifuata huko na kuendelea. Uhifadhi huo haukuwa umewashwa. Ikabaki njia moja: kufuta data yote ya db2 na kuinakili upya kutoka db1 kwa programu iitwayo pg_basebackup.

Programu hiyo ikagoma. Kwanza ililalamika kwamba db1 hairuhusu wapokeaji wa kutosha. Wakaongeza idadi. PostgreSQL ikakataa kuwaka tena kwa sababu iliruhusiwa miunganisho 8,000, mingi mno, wakaishusha hadi 2,000. Ikawaka. Sasa pg_basebackup ikakaa kimya, haisemi kosa wala haionyeshi maendeleo. Ukweli ni kwamba ilikuwa inasubiri db1 ianze kutuma, na hiyo ndiyo tabia yake. Ila maelekezo ya ndani ya kampuni hayakuandika jambo hilo. Mhandisi akadhani majaribio yaliyotangulia yameacha mabaki kwenye folda ya data ya db2, na kwamba mabaki hayo ndiyo kizuizi. Karibu saa tano na nusu usiku, ambayo kwa Dar es Salaam na Nairobi ni saa nane na nusu ya kuamkia Februari 1, akatoa amri ya kufuta folda hiyo. Aliitoa akiwa ndani ya db1. Aligundua baada ya sekunde moja au mbili na kuisimamisha. Kati ya zile GB 300 zilikuwa zimebaki kama 4.5.

Kisa hiki kinaposimuliwa, wengi hukomea hapo, kwenye mkono wa mtu aliyechoka. Mimi hapo napita haraka. Mtu kufuta kitu asichokusudia ni jambo linalotarajiwa, na ndiyo sababu mojawapo ya bakapu kuwepo. Taasisi ambayo usalama wa data yake unategemea mtu asikosee saa nane za usiku haina mpango. Kilichofuata baada ya amri ile ndicho cha kuchambua.

Walikimbilia bakapu ya kila siku. Kwa mujibu wa utaratibu wao, kila baada ya saa 24 programu ya pg_dump hutoa nakala ya hifadhidata nzima na kuipeleka kwenye hifadhi ya Amazon S3, kwa mtoa huduma mwingine kabisa, jambo la busara. Wakafungua hifadhi hiyo. Haikuwa na kitu.

Hapa tukae kidogo, maana mlolongo wa sababu ni wa kufuatwa hatua kwa hatua. Hifadhidata ilikuwa PostgreSQL toleo la 9.6. Kifurushi cha usakinishaji cha GitLab kilibeba pg_dump za matoleo mawili, 9.2 na 9.6, na kilichagua moja kwa kusoma faili la PG_VERSION lililomo kwenye folda ya data. Kwenye seva ya hifadhidata kingechagua sawasawa. Lakini kazi ya bakapu ilikuwa ikiendeshwa kwenye seva ya programu, ambayo haina folda ya data, hivyo faili hilo halikuwepo, na kifurushi kikarudi kwenye chaguo lake la msingi: 9.2. Nayo pg_dump ya zamani haikubali kutoa data kwenye seva ya toleo jipya. Ikatoa kosa na kusimama.

Kosa lilitangazwa. Cron, inayoendesha kazi za ratiba, ilituma barua pepe kusema kwamba kazi imeshindikana. Lakini barua hizo hazikuwa na saini iliyotakiwa na DMARC, utaratibu unaozuia watu kutuma barua kwa jina la kikoa kisicho chao, kwa hiyo zikakataliwa mlangoni. Hakuna aliyezipata.

Angalia jinsi kila kipande kilivyotimiza wajibu wake. Kifurushi kilikuwa na chaguo la msingi, pg_dump ilikataa kutengeneza bakapu isiyoaminika, cron ilitoa taarifa, na seva ya barua ilikataa ujumbe usiothibitishwa. Ukikagua kimoja kimoja hukuti ubovu. Ubovu ulikuwa kwenye mpango uliochukulia kwamba kama hakuna barua ya kosa, basi mambo ni salama.

Hili ndilo ningeliweka mbele katika mpango wowote wa kusimika bakapu: kengele ilie pale ushahidi wa mafanikio unapokosekana, isingoje taarifa ya kushindwa. Mashine nyingine, isiyohusika na kutengeneza bakapu, ifungue hifadhi kila asubuhi na kuuliza mambo mawili: je, kuna faili jipya la tangu jana, na je, ukubwa wake unalingana na wa siku zilizopita? Hifadhidata ya GB 300 ambayo bakapu yake ya leo haipo, au ina kilobaiti kadhaa, haihitaji mtaalamu kuing'amua. Skripti ya mistari michache ingeligundua tatizo la GitLab mapema kabla ya usiku ule. Na taarifa ipite zaidi ya njia moja, mojawapo ikiwa mahali ambapo watu wanatazama kila siku kwa kazi zao za kawaida. Sanduku la barua ambalo hupokea arifa mia kwa siku halina msomaji.

Njia nyingine zilizobaki hazihitaji maelezo marefu. Azure ilikuwa na huduma ya kuchukua picha za diski nzima. Kwenye seva za mafaili ilikuwa imewashwa. Kwenye seva za hifadhidata hapana, kwa kuwa walidhani bakapu nyingine zinatosha. Sentensi hiyo moja kutoka kwenye ripoti yao imenikaa sana, kwa sababu nimeisikia kwenye vikao vingi vya TEHAMA ikisemwa kwa maneno mengine. Mtu wa mtandao anadhani msimamizi wa hifadhidata anayo nakala. Msimamizi wa hifadhidata anadhani picha za mashine pepe, yaani kompyuta zinazoendeshwa ndani ya kompyuta nyingine, zinachukuliwa. Anayechukua picha za mashine pepe ameiruka seva hiyo kwa sababu ni kubwa na inajaza nafasi, tena anajua msimamizi wa hifadhidata ana utaratibu wake. Njia tano zinazoegemeana namna hiyo hazikupi kinga mara tano. Mpango mzuri huandika, kwa kila njia, jibu la swali hili: kama nyingine zote zimekufa usiku huu, hii peke yake inarudisha nini, na ya saa ngapi?

Halafu db2. Wengi huihesabu seva ya pili kama bakapu, nami nadhani hesabu hiyo ifutwe kabisa kwenye nyaraka zetu. Urudufishaji ni kinga dhidi ya mashine kufa. Ukifuta jedwali kwenye seva kuu, ufutaji huo unafika seva ya pili ndani ya sekunde chache kwa uaminifu uleule inaofika nao data njema. Na usiku ule db2 ilikuwa tayari imefutwa kwa mkono ili ijazwe upya.

Ikabaki ile picha ya jioni, ambayo data yake ilikuwa kwenye mazingira ya majaribio. Ingekuwa siku ya kawaida, picha ya ratiba ingekuwa na umri wa karibu saa 24, na hasara ingekuwa kubwa zaidi kwa mbali. Iliyopatikana ilikuwa na umri wa kama saa sita. Wakaamua kunakili kutoka huko kurudi kwenye seva za uzalishaji, zile zinazowahudumia watumiaji, na hapo likazuka la pili ambalo hakuna aliyelipanga: kasi.

Mazingira ya majaribio yalijengwa kwa diski za bei nafuu, zisizo za daraja la juu, na usomaji wake ulibanwa kwenye kama megabiti 60 kwa sekunde. Piga hesabu. GB 300 ni megabiti 2,400,000. Gawanya kwa 60 upate sekunde 40,000, yaani zaidi ya saa 11, hata kama hakuna kinachokwama njiani. Huduma ilirudi jioni ya Februari 1. Saa kumi na moja hifadhidata ilikuwa imerejeshwa, na saa kumi na mbili wakamalizia yaliyobaki. Kwa jumla watu walikaa bila GitLab.com kwa takriban saa 18, na sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa kusubiri mafaili yavuke kutoka diski hadi diski.

Hesabu hiyo ni ya dakika mbili na karatasi moja, lakini kwenye mapendekezo mengi ya bakapu sijaiona. Utakuta muda wa kutengeneza nakala umeandikwa, tena kwa fahari kwamba baada ya nakala ya kwanza mabadiliko tu ndiyo hutumwa, hivyo laini ndogo inatosha. Kurejesha hakuna mabadiliko tu. Kurejesha ni vyote. Taasisi yenye TB 2 kwenye wingu la ng'ambo na laini ya megabiti 20 kwa sekunde itahitaji sekunde 800,000 kuzirudisha, zaidi ya siku tisa, laini ikiwa haina kazi nyingine yoyote. Na kwetu kuna jingine la kuongeza: Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani wengine ilizorota. Nakala pekee ikiwa Ulaya, siku kama ile hata hizo siku tisa ni ndoto. Nakala moja iwe karibu kwa ajili ya kurejesha upesi, nyingine iwe mbali kwa ajili ya moto, mafuriko na wizi. Zote mbili zinahitajika, wala moja haifanyi kazi ya mwenziwe.

Kuna jambo dogo kwenye urejeshaji wao ambalo ningependa wapangaji walione. Data ilipokuwa ikipelekwa kwenye mazingira ya majaribio, mfumo ulikuwa unafuta anwani ambazo miradi ya wateja huzitumia kuziarifu mifumo mingine kila kunapotokea badiliko. Kufuta huko ni sahihi, kwani hutaki jaribio lako liamshe seva ya mteja halisi. Lakini maana yake ni kwamba nakala waliyoitegemea haikuwa kamili. Ilibidi wasimamishe mazingira mengine kutoka kwenye ile picha ya LVM, safari hii bila kuruhusu ufutaji, watoe jedwali hilo moja na kuliingiza kwenye hifadhidata iliyorejeshwa. Pia waliongeza namba za utambulisho za kila jedwali kwa 100,000, ili mradi mpya usipewe namba iliyokuwa ya mradi uliopotea. Mambo ya namna hii hukuyafikiria ukiwa ofisini na kalamu. Unayagundua unaporejesha, kwa hiyo ni heri uyagundue kwenye zoezi.

Hasara: kila kilichoandikwa kwenye hifadhidata kati ya saa kumi na moja na dakika ishirini jioni na saa sita usiku. Kwa makadirio yao, angalau miradi 5,000, maoni 5,000 na akaunti mpya zipatazo 700 ziliguswa. Msimbo wenyewe ulisalimika kwa kuwa ulikuwa kwenye seva nyingine.

Ripoti kamili ilitoka Februari 10, 2017, na ndani yake walijiuliza "kwa nini" mara baada ya mara mpaka wakafika chini. Kwa nini bakapu haikuwepo S3? Toleo lisilo sahihi. Kwa nini hatukujua? Barua zilikataliwa. Kwa nini hatukugundua kwa kujaribu kurejesha? Hatukuwa tukijaribu. Na kwa nini hatukuwa tukijaribu? Kwa sababu bakapu haikuwa na mwenyewe. Hakuna mtu aliyepewa kazi hiyo, basi hakuna aliyewajibika kuijaribu. Niliposoma mstari huo niliona kwamba matoleo, saini za barua na kasi za diski vyote vimekaa juu ya hilo moja. Kampuni ilikuwa na watu wenye uwezo wa kurekebisha kila kosa ndani ya saa moja. Hakuwepo ambaye asubuhi yake ilianza na swali: je, ya jana ipo?

Ndiyo maana katika mpango, ukurasa wa kwanza ningeutoa kwa mtu, kabla ya mashine. Jina la cheo chake, naibu wake akiwa likizo, na mamlaka yake ya kusema mfumo mpya hauingii kazini hadi ujaribiwe kurejeshwa. Baada ya hapo ndipo wenye shughuli, yaani uhasibu, mauzo, rasilimali watu, waulizwe maswali mawili ambayo watu wa fani huyaita RPO na RTO: mnaweza kuvumilia kupoteza kazi ya muda gani, na mnaweza kukaa muda gani bila mfumo? Wasiulizwe wahandisi. Mhandisi anaweza kuona saa 24 ni sawa. Mhasibu anayejua kwamba mwisho wa mwezi kuna miamala elfu kadhaa kwa siku atasema dakika 15, na kama bajeti haimudu dakika 15, hayo ni mazungumzo yanayopaswa kufanyika mezani na mkurugenzi akiwepo, si usiku wa ajali. GitLab, bila kuamua, walikuwa wamekubali kupoteza hadi saa 24. Sidhani kama kuna aliyewahi kuulizwa na akakubali.

Walichofanya baadaye kinaonyesha kwamba walielewa. Picha za LVM zikawa za kila saa. Kumbukumbu za mabadiliko zikaanza kuhifadhiwa nje. Hali ya bakapu ikaingizwa kwenye mfumo wa ufuatiliaji. Mtu akakabidhiwa jukumu la uimara wa data. Wakajenga pia utaratibu wa kujaribu urejeshaji kiotomatiki, bila kungoja mtu akumbuke. Hata mwonekano wa skrini za amri waliubadilisha ili anayefanya kazi atambue upesi yuko kwenye seva ipi. Hilo la mwisho ni jema, ingawa kwangu ndilo lenye uzito mdogo kuliko yote.

Na walifanya wazi. Hati ya kazi iliachwa kila mtu aisome, na urejeshaji ukarushwa moja kwa moja YouTube, watazamaji wakifika kama 5,000 kwa wakati mmoja. Nawaheshimu sana kwa hilo. Taasisi nyingi zilizopatwa na hali kama hii zilifunga mlango, na makosa yao yamebaki yakirudiwa na wengine kwa kukosa pa kusoma.

Kwa anayeandaa zabuni ya mfumo wa bakapu sasa hivi, nina pendekezo mahsusi la mkataba. Hati ya makabidhiano isisainiwe kwa sababu mashine zimewaka na kazi ya kwanza ya usiku imeonyesha rangi ya kijani. Fungu la mwisho la malipo lizuiliwe hadi mkandarasi achague seva moja muhimu kwa bahati nasibu mbele ya wenye shughuli, airejeshe kwenye mashine tupu kwa kutumia nakala ya mbali peke yake, saa ikihesabiwa, kisha mhasibu aingie, afungue ankara ya juzi na athibitishe kwamba ndiyo yenyewe. Muda uliotumika uandikwe kwenye hati. Kama ni saa 30 na mpango ulisema nne, kazi haijaisha.